Betri ya Fundi Breki

Mgeni rasmi, mwenyekiti wa kamati ya bonde; viongozi mlioongozana naye; majirani zetu wa ng'ambo zote mbili za mto; nanyi wageni mliokuja kupanda baiskeli asubuhi hii mkajikuta mmekalishwa kwenye viti vya hafla: tunawasalimu wote kwa heshima.

KARIBU

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeanza kupona tangu juzi, mashimo ya barabara ya kuingilia hapa yalipofukiwa ghafla kwa ajili ya ujio wako. Yalikuwapo miaka mitatu. Tunakuomba uwe unatutembelea kila mwezi.

Hii si mara yako ya kwanza kufika. Ulikuja miezi miwili iliyopita ukiwa mgeni wa kawaida, ukavaa kofia ngumu kama wengine, ukazunguka bonde zima pamoja nasi. Picha yako ukiwa juu ya baiskeli namba nne, daraja la chuma likionekana nyuma yako, tumeitundika ofisini. Kila anayeingia anaisifu.

Mbele yako tumesimama waongozaji kumi na mmoja. Wa kumi na mbili yuko nyuma ya banda, anaosha baiskeli. Tulimwomba aje akakataa. Huyo ndiye Fundi Breki, ambaye cheti chake cha uongozaji kimesimamishwa, na mwisho wa mwezi huu kamati yako itaamua kama kifutwe kabisa. Tutarudi kwake baadaye.

TULIKOTOKA

Umoja wetu ulianza na baiskeli nne za umeme na watu watano wasiojua hata pa kuchomeka chaja. Fundi Breki wakati huo alikuwa akitengeneza baiskeli za kawaida kwenye baraza la duka la vifaa, kazi aliyoifanya miaka ishirini na mbili. Tulipompelekea ya kwanza aikague, aliizunguka mara tatu, akainyanyua kidogo, akaitua.

"Nzito kama mkwe," akasema. "Na hii ikijiendesha yenyewe, mwenye nayo anafanya nini? Anaisindikiza?"

Tulicheka, naye akacheka. Wiki iliyofuata alikuwa amekwisha kuifungua mota na kuifunga tena bila skrubu hata moja kubaki mezani. Tangu hapo hakurudi barazani. Jina la Breki tulimpa sisi, kwa sababu kila mgeni kabla hajapanda alimwambia neno lile lile: "Breki kwanza, sifa baadaye."

Yeye ndiye aliyetufundisha kazi hii inavyofanywa. Kundi huwa na waongozaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma kabisa. Wa mbele anaonyesha mto, ndege, mashamba ya ngazi ngazi na maporomoko. Wa nyuma haonyeshi kitu. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna mtu nyuma yake. Vijana wote walitaka kukaa mbele wapigwe picha. Fundi Breki alichagua nyuma, akakaa huko miaka sita.

TULIYOYAFANYA

Mgeni rasmi, tumepokea wageni wa kila umri. Tumepanda miti kando ya njia yote ya ukingo wa kushoto, na mingi imeshika. Akina mama wa ng'ambo sasa wanauza chai na matunda pale kwenye mtazamo wa juu, mahali ambapo zamani palikuwa na nyani tu. Vizibao vyetu vya kung'aa tulivyovaa leo vimeshonwa na mke wa Fundi Breki, ambaye sisi sote tunamwita shemeji ingawa wengine wetu ni wadogo wa kumwita mama. Yupo hapa ukumbini. Yeye hakukataa kuja.

Na leo unatufungulia banda jipya la kuchajia lenye soketi kumi na sita. Kwa hili tunakushukuru kwa dhati, na hatulisemi kwa kukupaka mafuta. Wewe ndiye uliyelisukuma hili banda kwenye kamati mpaka likajengwa.

YANAYOTUKWAZA

Mpaka jana tulikuwa na soketi mbili. Nyaya kubwa za umeme zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda mjini, nasi huku chini tunachajia betri kwa zamu. Ndiyo maana mara nyingi kundi limetoka bila betri ya akiba. Betri ya akiba ilikuwa ipo bado bandani, inanyonya umeme.

Hapa hatuna budi kueleza jambo ambalo hatujawahi kulisema mbele ya mgeni yeyote. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Baiskeli hizi zina nguvu za ngazi nne. Kila asubuhi tunawaambia wageni watumie ya kwanza tambarare, ya pili na ya tatu mlimani, ya nne waiache. Kila asubuhi kuna mgeni asiyesikia. Si ubaya wa mtu, ni utamu wa kitu chenyewe, maana ukikanyaga mara moja unaruka kama umesukumwa mgongoni. Lakini chaji inakwisha kabla ya mlima wa pili, na mgeni anabaki katikati ya wenzake akihema na kuona haya.

Fundi Breki alituwekea desturi kwamba mgeni haaibishwi. Mwongozaji akiona chaji ya mgeni inakaribia kuisha, anamwambia, "Hebu kunywa maji kidogo, nikuangalizie tairi." Anaisogeza baiskeli pembeni. Kama ipo betri ya akiba anaiweka. Kama haipo anatoa ya kwake. Kisha anarudisha baiskeli, anasema, "Tairi zima, twende," naye anabaki kukanyaga chuma kitupu kilo ishirini na sita mpaka nyumbani. Sote kumi na wawili tumefanya hivyo. Hakuna mgeni aliyewahi kujua.

UKURASA WA TATU

Risala hii ilikuwa ya kurasa mbili. Fundi Breki aliipitia, akasahihisha idadi ya miti, akaturudishia. Alisema, "Nyie ombeni choo na barabara. Langu liacheni. Mtu mzima haombewi kama mtoto aliyekojoa kitandani." Ukurasa huu wa tatu hajauona. Kama anatusikia huko nyuma, atusamehe.

Siku ile kundi lilikuwa la wageni saba. Mbele aliongoza dada huyu anayekusomea risala hii. Nyuma alikuwa Fundi Breki. Betri ya akiba haikuwapo. Pale kwenye mtazamo wa juu, wageni walipokuwa wakinywa chai, Fundi Breki aliona baiskeli namba nne imebakiwa na mstari mmoja wa chaji. Alimwendea mgeni wake kwa adabu.

"Baba, hebu kaa kivulini kidogo, nilitazame tairi hili."

"Lina nini?"

"Halina neno. Lina wasiwasi tu kama mimi."

Mgeni alicheka, akaenda kukaa. Dakika tano baadaye betri namba tisa, ya Fundi Breki, ilikuwa ndani ya baiskeli namba nne. Daftari letu la kuchajia linaonyesha hivyo: namba tisa ilitoka na baiskeli ya mwongozaji, ikarudi ndani ya namba nne. Daftari lipo mezani hapo kwa yeyote atakayetaka kulitazama.

Mlima wa pili ulimshinda Fundi Breki kukanyaga. Alishuka, akasukuma. Kanuni yetu inasema wa mbele asivuke njia panda ya mashine ya maji mpaka amwone wa nyuma kwa macho yake. Dada huyu alisimama pale. Alisubiri. Mgeni mmoja akamwambia, "Dada, twende bwana, nina kikao saa nane." Dada akatazama nyuma, hakumwona mtu. Akasema moyoni, Breki hapotei. Akavuka.

Mgeni rasmi, hilo ni kosa letu, na dada huyu ametuomba tulisome wazi, kwa sauti yake mwenyewe, bila kulipunguza. Alivuka bila kumwona wa nyuma.

Katika kundi lile alikuwamo mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyesimama kupiga picha ya mto. Alipofika njia panda hakukuta mtu mbele wala nyuma. Akashika njia ya kushoto, inayoteremka kwenye kivuko cha mawe. Akateleza, akavunjika mkono. Tunamshukuru Mungu kwamba mkono umepona, na mama mwenyewe yumo humu, safu ya tatu.

Aliyemkuta ni Fundi Breki. Alifika njia panda akisukuma, akaona alama ya tairi moja imeelekea kushoto, akaitupa baiskeli yake majanini, akaifuata alama hiyo. Alimfunga mkono kwa kizibao chake, akampandisha mpaka barabarani kwa miguu, akimsimulia habari za mkwe mzito ili asilie. Sisi wengine wakati huo tulikuwa ofisini tunawaaga wageni na kupiga picha za kumbukumbu.

Kamati ilikaa, wewe ukiwa mwenyekiti. Dada aliulizwa swali moja, kama mwongozaji wa nyuma alikuwapo njia panda. Alijibu, "Hakuwapo." Ni kweli hakuwapo. Hakuulizwa kwa nini, naye hakujipa ujasiri wa kusema asichoulizwa. Amelia siku nyingi kwa jibu lile. Kisha akaulizwa Fundi Breki kwa nini alibaki nyuma. Alikutazama wewe, akatazama meza, akasema, "Betri iliisha." Akaulizwa kama ana la kuongeza. Akasema hana.

Ripoti ikaandikwa kwamba mwongozaji wa nyuma aliliacha kundi.

Mgeni rasmi, kundi ndilo lililomwacha yeye.

Kwa nini alinyamaza, sisi tulijua siku ile ile, nasi tukanyamaza naye, tukijiambia tunalinda desturi. Ukweli ni kwamba tuliogopa. Tulikuwa na banda la soketi kumi na sita linalosubiri kupitishwa, na kila mmoja alimwambia mwenzake, ngoja kwanza banda lipite. Tunaona aibu kulisema hili siku ya kulifungua, lakini hakuna siku nyingine tutakayokupata.

Aliyetuzindua ni mama mwalimu. Alikuja wiki tatu zilizopita kurudisha kizibao, amekifua na kukipiga pasi. Alimkuta Fundi Breki na ndoo, akauliza mbona haongozi. Tulipomweleza, alisema, "Aliyeanguka ni mimi, na mimi sijamshtaki mtu." Kisha akasema, "Nimefundisha miaka thelathini na nne. Mwanafunzi anayeadhibiwa akanyamaza, mara nyingi kuna mwenzake anamsitiri. Huyu anamsitiri nani?"

Hatukumtajia jina. Hata leo hatutamtaja mgeni huyo hapa mbele za watu, kwa sababu desturi hairuhusu, na kwa sababu hakukosa. Hakujua. Aliambiwa tairi, akaamini tairi. Tunamheshimu kama tulivyomheshimu siku ile, na tungependa aendelee kutujia.

MAOMBI

Mficha uchi hazai, kwa hiyo tunaomba.

Kwanza, tunaomba choo cha wageni. Kilichopo kina mlango unaofungwa kwa kamba, na mwenye kuingia hulazimika kuimba.

Pili, tunaomba kibao kikubwa pale njia panda ya mashine ya maji, chenye mshale wa kulia. Nguzo tutachimbia wenyewe.

Ombi letu la tatu ni sentensi moja. Katika ripoti, palipoandikwa "aliliacha kundi," tunaomba paandikwe "alitoa betri yake kwa mgeni, akabaki nyuma." Jina la mgeni lisiandikwe. Shemeji anasema mumewe siku hizi anaamka alfajiri kama zamani, anavaa viatu vya kazi, anakaa kitandani mpaka saa mbili. "Shemeji zangu," alituambia, "mwenzenu anaisha, na nyie mnanipigia hodi kuulizia vizibao." Fundi Breki ana miaka hamsini na minane. Hatafuti kazi nyingine, wala hatapewa.

Huenda kamati ikaona kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba mwongozaji anayetoa betri yake amekosa hata kama amekosa kwa wema. Hatutabishana. Lakini basi kosa hilo si lake peke yake. Kila mmoja wetu amelitenda, wengine mara kumi, na kama halikutokea jambo ni kwa bahati yetu, siyo kwa akili zetu. Ndani ya bahasha utakayokabidhiwa pamoja na risala hii mna vyeti vyetu vya uongozaji. Ni kumi na kimoja. Tumevitia humo kwa hiari, kila mtu kwa mkono wake, na baiskeli za leo mchana hazitatoka.

Tunaomba utakapovirudisha, virudi vikiwa kumi na viwili.

Mwenyezi Mungu akujaalie safari njema ya kurudi, akupe moyo mwepesi na kalamu nyepesi, akawalinde wote walio mbele yako na wote walio nyuma yako.

Tumewasilisha kwa unyenyekevu,
Umoja wa Waongozaji wa Baiskeli za Umeme wa Bonde la Mto