Mazoon bint Amur, Aliyefichwa Maradhi ya Kwao

Wasikilizaji wapendwa, assalamu alaikum. Leo tunamkumbuka Daktari Mazoon bint Amur, aliyefariki hapa Maskati Jumanne iliyopita akiwa na miaka arubaini na mbili. Mmezoea kunisikia mpole. Leo mtanisamehe, nina hasira.

Mazoon alikuwa mtafiti wa saratani. Kazi yake akiieleza kwa mfano wa gari. Kila mtu, akisema, huzaliwa na breki mbili katika kila seli, moja ya baba, moja ya mama. Breki hiyo ni jeni inayozuia seli zisizaliane ovyo. Zikiharibika zote mbili, saratani hupata njia. Lakini seli isiyo na breki hulazimika kuegemea jeni nyingine ili iishi. Mazoon aliisaka jeni hiyo miaka tisa. Aliweka visahani viwili, kimoja cha seli zenye breki, kingine cha seli zisizo nayo. Kwenye vifuniko aliandika kwa Kiswahili cha nyumbani: "Anayo" na "Hana". Kisha akazima jeni moja baada ya moja, mamia kwa mamia, akiangalia nani atakufa.

Siku moja Hana wakafa wote. Anayo wakabaki wazima. Akampigia simu shangazi yake, Bi Mahfudha wa Matrah, huku anacheka na kulia.

"Nkamuuliza, umeposwa?" anakumbuka Bi Mahfudha. "Akanambia, shangazi, nimepaona pa kuipiga saratani!"

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka uleule Mazoon alikwenda kupimwa afya. Fomu ikauliza: kuna jamaa aliyepata saratani? Alijua kwamba bibi yake mzaa baba alikufa mapema, na kwamba shangazi yake mwingine, Hajar, alikufa na miaka thelathini na tisa. Akampigia Bi Mahfudha palepale. Walikufa na nini?

"Tumbo, mwanangu. Tumbo tu."

Mazoon akaandika: hakuna. Daktari hakuchunguza zaidi. Miaka mitatu baadaye, saratani ya mfuko wa mayai ilikuwa imeshatapakaa. Vipimo vikaonyesha alizaliwa na breki moja mbovu, urithi wa upande wa baba. Breki ileile ya visahani vyake, wasikilizaji. Ileile aliyoishughulikia miaka tisa! Na dawa ya kupiga pale alipopaona bado haijatengenezwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyeficha yu hai, na asiyeambiwa tumemzika.

Na bado hatukukoma. Kwenye matanga, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kahawa ikipita, mama mmoja akauliza marehemu kafa na nini. Mtu akajibu, "Presha." Presha! Kaburi bado bichi!

Ndipo akasimama Rahaf, binti wa kaka yake Mazoon. Ana miaka ishirini na tatu, harusi yake mwezi ujao.

"Shangazi yangu kafa na saratani," akasema. "Na mie nimepima. Nimerithi."

Bi Mahfudha akamvuta buibui. "Nyamaza, mjukuu wangu! Wakwe zako wamo humu!"

"Nnajua wamo, bibi. Wakitaka kuvunja uchumba, wavunje nikiwa hai."

Siku ya pili Bi Mahfudha alinipigia mwenyewe. Hakujitetea. "Tulikuwa na wasichana sita ndani," aliniambia. "Watu wakisikia damu yetu ina maradhi, nani angekuja kuposa? Nkasema tumbo. Hata Mazoon aliponiuliza, nkasema tumbo. Litaje jambo hili redioni, na jina langu ulitaje."

Posa! Kwa kulinda posa tumemnyima mtoto uhai, na si nyumba hiyo peke yake. Nyinyi mnaotikisa vichwa mnajua ya kwenu.

Kwa Mzee Amur, kwa Rahaf na kwa jamaa wote, tunatoa mkono wa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu Mazoon. Bi Mahfudha, pole na wewe. Nimekasirika nawe, na nakushukuru.

Nasi tuliobaki, tujiulize tumewaficha nini watoto wetu. Na wale wa ukoo wa Mzee Amur mliotawanyika, Qantab, Unguja, popote mnaponisikia: Bi Mahfudha hana namba zenu zote, lakini nyinyi mnayo yake. Mpigieni leo. Safari hii atawaambia kweli.