Gauni Moja, Milango Miwili: Risala ya Akina Mama wa Sindano, Minto

Mgeni rasmi wetu Mama Rispah Mutanu, Mkuu wa nyumba ya wazee tunayofanyia kazi; Bibi Perla Adler, mwalimu wetu, uliyekaa mbele kabisa kwa sababu ulikataa kukaa kwingine; wazee mliokuja na basi dogo, familia zenu, na watoto wetu mnaotuelewa kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza: amani iwe nanyi mchana huu wa Alhamisi, tarehe 17 Machi 2022.

Karibu sana Minto, mgeni rasmi. Tumeona umekuja na watoto wako wawili siku yako ya mapumziko, na tunashukuru. Kijana wetu Jacky anawatafsiria wazee kwa Kiingereza pale dirishani. Jacky, tafadhali usiruke kitu.

Leo ni Purimu, sikukuu ya Wayahudi ya michezo na kelele, na tukimaliza kusoma mtaona mchezo wetu. Tumekuita kwa furaha. Lakini hatutakuficha: tuna jambo moja la mwenzetu Elvire, na tutalisema mwishoni. Tunalitaja mapema ili usikae ukijiuliza.

KIKUNDI CHETU

Sisi ni wanawake kumi na wanne. Tisa tulitoka Burundi tukapitia kambi za Tanzania, watano wametoka Kenya. Wengi wetu tunaogesha wazee, tunawalisha na kuwageuza kitandani. Wachache wako kwenye udobi. Tulianza mwaka 2019 kwa kushona sare za kwaya. Tulikuwa na cherehani tatu, moja mbovu. Siasa hatukuwa nayo.

Siasa tuliletewa na Bibi Perla, mmoja wa wazee tunaowatunza. Mwenzetu Cécile alikuwa akimwogesha asubuhi moja, akaona vidole vyake vilivyojaa alama za sindano, akamuuliza. Bibi akamwambia kwamba miaka ya sabini alikuwa akishona wanasesere wakubwa wa kubebwa juu ya fimbo, kwa maandamano ya wanawake hapa Sydney. Aliwashona wakubwa wa serikali na pua zao. "Polisi walinikamata mara mbili," alisema. "Mara ya pili walimkamata mwanasesere pia. Yeye walimtoa kabla yangu."

Alitueleza pia Purimu ya utotoni mwake. Katika sinagogi wanawake walikaa juu, nyuma ya pazia, na chini mchezo ulichezwa na wanaume, hata malkia alikuwa mwanamume mwenye ndevu. Alipokuwa mtu mzima, yeye na wenzake walishusha pazia kama hilo hapa Sydney, wakalikata, wakalifanya nguo za mchezo wao wenyewe. Katika mchezo wao, malkia wa kwanza alipewa maneno yake.

Hadithi ya Purimu iko katika Biblia, na sisi tuliijua kanisani. Mfalme anamwita malkia mbele ya wageni wake, malkia anakataa kuja, anafukuzwa. Kisha anakuja malkia wa pili, na huyo wa pili anawaokoa Wayahudi wasiuawe. Mahubiri yote tuliyowahi kusikia yalikuwa ya huyo wa pili. Mwenzetu Nibigira alimwambia Bibi waziwazi, "Mwanamke anayemwaibisha mume mbele za watu si mfano."

Bibi akamjibu, "Alimwita akajionyeshe kwa walevi."

Ndipo Jerotich wetu akasema, "Walevi? Miaka arobaini naenda kanisani, hakuna mchungaji aliyetuambia kulikuwa na pombe!"

Tulicheka mpaka Bibi akaomba maji. Baadaye alituambia kwamba kwao Ulaya walikuwa watu ishirini na sita mezani siku ya Purimu, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia walibaki wawili. Hatukumuuliza zaidi. Sisi wa kambini tunajua kukaa na mtu bila kumuuliza.

MWAKA WA KUFUNGIWA

Agosti mwaka jana ugonjwa wa korona uliingia upande wa magharibi wa nyumba yetu ya wazee. Mitaa yetu ilifungiwa zaidi kuliko mitaa ya jiji ya upande wa bahari. Saa tatu usiku kila mtu awe ndani, kibali mfukoni, kutembea saa moja tu kwa siku, na askari wanabisha hodi.

Tarehe 18 Elvire alikuwa zamu upande wa magharibi. Aliambiwa avuke upande wa mashariki akawalishe wazee, kwa sababu watu hawakutosha. Magauni ya kujikinga yalikuwa yamekwisha hadi jioni. Akasimama mlangoni akasema, "Nipeni gauni jingine nitavuka. Kwa hili sivuki." Msimamizi wa siku hiyo, ambaye ameshaondoka, alimwambia ni amri. Elvire akasema anaijua amri, na anawajua pia wazee kumi na tisa walioko nyuma ya huo mlango, kwa majina.

Kesho yake alifukuzwa kwa kosa la kukataa agizo halali.

Mgeni rasmi, barua ya kumfukuza ilikuwa na saini yako. Tunajua ulilala saa chache mno wiki ile, maana tulikuona ukisinzia umesimama. Tunajua pia kwamba hukuituma kwa posta. Uliileta mwenyewe, ukasimama kwenye mvua nje ya geti la Elvire, na pamoja nayo ukamletea bakuli lake la chakula alilolisahau kwenye friji ya kazini. Ulikuwa umeliosha. Hilo hatujawahi kukuambia kwamba tuliliona.

TULICHOKIFANYA

Kukusanyika hakukuruhusiwa. Bibi Perla akamwambia Cécile, "Basi msikusanyike. Shoneni."

Tulimshona malkia wa kwanza, mwanasesere mrefu kuliko mlango. Kila mmoja alishona kiungo kimoja nyumbani kwake na kukiacha kwenye kizingiti cha mwenzake. Nguo ilitoka kwenye mashuka. Yalikuwa mashuka yetu, mgeni rasmi, usiende kuhesabu ya kazini. Alipokamilika tulimpitisha nje ya dirisha la Bibi. Bibi akagonga kioo.

"Mbona ameinama?"

Tulimtazama. Kweli, tulikuwa tumemshona ameinamisha kichwa na mikono ameipishanisha kifuani. Hakuna aliyemwambia mwenzake afanye hivyo. Sisi tulilelewa kwamba mwanamke mwenye heshima husimama hivyo, na mikono yetu ilishona inachokijua. Bibi akapaza sauti kupitia uwazi wa dirisha: "Huyu ndiye aliyekataa! Mnashona kama watu wanaoogopa kitambaa!"

Tukamfumua shingo. Tuliweka mti wa fagio ndani, akanyooka.

Kuanzia Jumatatu tarehe 30 Agosti tulimtembeza. Nyumba ya wazee iko kilomita moja kutoka kwetu, ndani ya mipaka tuliyoruhusiwa kutembea. Kila mmoja alichukua saa yake moja ya kutembea, akambeba malkia kando ya uzio wa nyumba, kisha akampokeza mwenzake kwa mbali na kwenda zake. Toka asubuhi mpaka jioni malkia hakupumzika, na hapakuwa na mkusanyiko hata mmoja. Mgongoni mwake tuliandika: ELVIRE ALIOMBA GAUNI.

Siku ya tatu polisi walimsimamisha Nibigira, huyohuyo aliyesema si mfano.

"Mko wangapi hapa?"

"Mmoja."

"Na huyu?"

"Huyu hana mapafu, afande."

Yule kijana alicheka chini ya barakoa, akamshikia malkia ili Nibigira afunge kamba ya kiatu. Mzungu wa nyumba ya pembeni, ambaye hatujui jina lake, aliweka chupa za maji juu ya ukuta kila siku, zimefutwa vizuri, bila neno.

Siku ya Purimu Wayahudi hutikisa vidude vya kelele kila likitajwa jina la yule mbaya aliyetaka kuwaua. Sisi tulitia maharage kwenye chupa tupu za dawa ya mikono. Aliyembeba malkia alitikisa akipita chini ya madirisha. Siku ya tano, dirisha la Bibi Perla likajibu kwa kijiko kwenye kikombe. Siku ya sita, madirisha manne. Siku ya kumi, wazee wote kumi na tisa wa upande wa mashariki walikuwa wakigonga vikombe, na binti zao na wajukuu zao wakaanza kupiga simu ofisini kuuliza kelele hizo ni za nini. Wakaambiwa. Nao wakataka majibu.

Tulitembea siku kumi na nne. Uchunguzi ukafanyika. Tarehe 11 Oktoba Elvire alirudi kazini kwa mlango wa mbele, na wewe mgeni rasmi ndiye uliyemfungulia. Wazee wote kumi na tisa hawakuugua, na kumi na sita kati yao wako hapa leo. Haya ndiyo mafanikio yetu. Tunaomba makofi kwa Elvire. Na kwa madirisha.

KILICHOBAKI

Elvire anataka kuomba kusomea uuguzi. Fomu inafungwa mwisho wa mwezi huu. Ndani yake kuna swali: je, umewahi kufukuzwa kwa kukataa agizo? Amefika hapo mara saba, na mara saba ameifunga. Yeye hasemi uongo. Na akisema ndiyo, barua ya Agosti bado iko kwenye faili lake. Uchunguzi ulimrudisha kazini, lakini karatasi haikuguswa. Alipouliza ofisini alijibiwa kwa adabu kwamba kilichoingia kwenye faili hakitolewi. Ndio utaratibu.

OMBI LETU

Tulimpelekea Bibi Perla jibu hilo tukiwa tumevunjika moyo. Yeye akatabasamu. Akatukumbusha kwamba katika hadithi ya Purimu amri ya mfalme ya kuwaua watu nayo ilikuwa haiwezi kufutwa, hata mfalme mwenyewe hakuweza. Kwa hiyo hawakuifuta. Waliandika barua ya pili, na ya pili ndiyo iliyookoa.

Mgeni rasmi, na hapa tunaomba ruhusa ya kukuita binti yetu, hatukuombi uvunje utaratibu. Barua ya kwanza ibaki. Tunaomba ya pili ikae juu yake. Kwa kuwa una kazi nyingi, tumekuandalia maneno, na Jacky ameyaweka kwa Kiingereza kwenye bahasha iliyo mbele yako:

"Tarehe 18 Agosti 2021 Elvire aliombwa kuvuka kutoka kwa wagonjwa kwenda kwa wazima akiwa na gauni lilelile. Alikataa, akaomba jingine. Wazee kumi na tisa hawakuugua. Alikuwa sahihi, nami niliyetia saini barua ya kwanza natia saini na hii."

Mungu wa Bibi Perla na wetu akubariki katika kazi yako, awabariki watoto wako, na aipe mikono yako nguvu.

Ni sisi,
Umoja wa Akina Mama wa Sindano, Minto.
Imesomwa kwa niaba yao na Emérance Niyongabo.