Bi Chanuo na Gauni la Dada Yake

Wasikilizaji wapendwa, wekeni chini kazi za mikono kidogo, mnipe masikio. Leo tunamkumbuka mwandishi tuliyemzoea kwa jina la Bi Chanuo. Wiki iliyopita alitutoka. Bi Chanuo alikuwa msusi. Msusi na mwandishi, kwa mikono ile ile.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na kioo chenye ufa, viti viwili na harufu ya mafuta ya nywele. Wateja waliongea, yeye akasikiliza. "Kichwa kikishikwa, mdomo hufunguka," alipenda kusema.

Lakini mwanzoni hayo hakuyaandika. Alitaka makubwa. Akaandika riwaya ya wafalme na mapanga, kila mtu anahutubia. Mhariri akamrudishia. "Dada, hawa watu wako hawajawahi kuosha vyombo?"

Ilimchoma. Msusi akasusa, hakuandika kwa muda mrefu. Aliporudi mezani, akachukua la nyumbani kabisa: dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyeachwa na mchumba gauni la harusi likiwa limeshashonwa. Alilishona mwenyewe.

Kitabu kikapendwa. Bi Chanuo akapata sifa alizoziota. Dada yake akakisoma, akakifunga, akaacha kumsemesha. Wakikutana msibani, salamu ya juu juu. Basi. Bi Chanuo akawa anashika kalamu na kuiweka. Sifa zote zile, wasikilizaji, na nyumbani kwa dada hapiti.

Siku moja mchana, dada akaingia kwa msusi. Akakaa kwenye kiti bila hodi.

"Nisuke."

Bi Chanuo akaanza kumchana. Wamefika nusu ya kichwa, dada akasema, "Yule mwanamke wako, mbona analia kitabu kizima?"

"Si uliumia, dada?"

"Niliumia. Lakini nani alikwambia nililia? Hukuniuliza. Mimi nilivaa lile gauni nikaenda nalo sokoni kununua vitunguu. Waliotaka kunionea huruma wakakosa pa kuanzia."

Bi Chanuo akaangua kicheko. Dada naye akacheka, mpaka chanuo likaanguka. Kisha Bi Chanuo akapiga magoti mbele ya kiti. "Nisamehe, dada. Nilikuchukua bila kukuomba."

"Inuka, umeniacha kichwa nusu. Na ukiandika tena, niulize."

Akamuuliza. Kitabu cha pili walikitunga hivyo, mmoja anasuka, mwingine anasimulia na kumkatiza. Ndicho chenye bibi harusi anayebishania bei ya vitunguu, ambacho wengi wenu mmetupigia simu kukitaja. Bi Chanuo aliwaambia vijana waliotaka uandishi: "Tamaa ya kuwa mkubwa si mbaya. Ila kwanza muulize aliye jikoni kwako."

Jana tulimtembelea dada yake. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Akatuambia, "Alikuwa ananiudhi yule. Maswali hayaishi, hata nikila. 'Dada, ukasemaje? Dada, ulivaa viatu gani?'" Akanyoosha kitambaa juu ya cherehani. Kisha akasema, "La viatu sikuwahi kumjibu. Vilikuwa vyekundu."

Kwa dada, kwa wanawe Bi Chanuo, kwa wote aliowasuka, poleni sana. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki, tujiulize: nyumbani kwetu ni nani tunayedhani tunaijua habari yake, na hatujawahi kumuuliza? Tuzime redio kidogo, tukamuulize.