Jibu la Karatasi ya Maegesho

Basi la kwenda Sur, Oman, lilikuwa bado halijafika mji wa Al Kamil, na Mwanaheri, yaya kutoka Tanga, alikuwa keshasikia habari yote ya abiria wa kiti cha mbele yake. Kampuni ya maegesho ilimwachia Zakariya, kijana wa kiti hicho, karatasi kwenye kioo cha gari: alipe riali ishirini kwa kuzidisha nusu saa. “Nitalipa tu, bibi. Faini hiyo.”

“Faini ya nani?” Bi Fakhriya, mzee aliyekaa naye, waliyejuana humo humo basini, akampokonya karatasi. “Faini hutoa polisi! Hawa wameandika, ‘Tunakuomba ulipe.’ Wanaomba! Mwombaji akija mlangoni kwenu mnamjibuje?”

“Mungu atakupa.”

“Basi waandikie hivyo hivyo. Wakirudi, wajibu tena! Wallahi mimi wasingenipata hata baisa, hata senti moja.” Gari lenyewe, Mwanaheri alikisia, bibi hajapata kuwa nalo.

Zakariya akapandwa na ushujaa. Akaazima kalamu ya Mwanaheri, akaandika nyuma ya karatasi kwa herufi kubwa. Basi likasimama Al Kamil, naye akateremka mbio.

“Kaka, kalamu yangu!” Mwanaheri alipaza sauti.

“Mungu atakupa, dada!”