Kijana Asiyechoka

Ndugu zangu, Mungu ndiye alinitoa kwenye vidonge, lakini musipige makofi kwanza. Leo niko na uchungu, na uchungu wenyewe unawahusu.

Munajua jina mulinipa hapa Wamaza: Chuma. Tangu mutoto sikupenda kusema nimechoka. Nikibeba mihogo toka shamba, sitaki kutua njiani hata shingo ikiuma. Na ninyi mukafurahi: "Angalia mutoto ya nguvu!"

Nikaenda Salamabila kuchimba dhahabu. Shimoni mugongo uliniuma sana, lakini Chuma angesema nini? Mwenzangu akanipa tramadol: "Meza, utasikia nguvu." Kweli, maumivu yakaisha. Nikameza kila siku, mpaka nikikosa kidonge natetemeka, natapika. Nilipokuja kuwasalimia, mulinisimamisha hapa mbele ya kanisa, eti vijana waniige. Nilikuwa nasinzia nikisimama. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Kisha mama akafa. Kwenye matanga watu wote walilia, mimi nimekaa macho makavu. Mukasema: "Mwanaume kweli, anavumilia." Uongo! Yaya yangu peke yake, dada yetu mukubwa, akanivuta nyuma ya nyumba.

"Mwenye kuvumilia anasikia maumivu, kisha anayabeba," akasema. "Weye hausikie kitu. Mama iko ndani ya sanduku, na weye hauko hapa."

Nilimukasirikia sana, kwa sababu alisema kweli.

Akakuta vidonge mufukoni mwangu, akanipeleka Kabambare kwa muganga wa kituo cha afya. Kwa kichwa changu kigumu nilitaka kuacha vidonge vyote siku ile ile. Muganga akakataa: "Tutapunguza polepole. Na ukiumwa, useme." Kusema ndiko kulinishinda. Nilificha maumivu, nikarudia vidonge, yaya akanirudisha kwa muganga tena. Mpaka asubuhi moja shambani jembe likanikata kidole, nikapiga kelele: "Naumia, yaya!" Nikalilia kidole, nikamulilia mama, nikashindwa kunyamaza. Yaya akatupa jembe lake, akakaa chini karibu yangu, akalia naye.

Asante yaya. Asante muganga wangu. Ninyi wengine, ndugu zangu, nitawashukuru siku mutamuuliza mutoto mwingine munayemusifu kwa nguvu anaumwa wapi. Jina la Chuma nawarudishia. Musimupe mutoto wangu.

Na sasa nimechoka kusimama. Mutu anipe kiti.