Shangazi Aliyekataa Ufunguo wa Akiba

Wasomaji wa jarida hili wanastahili kuombwa radhi kwanza. Hatujaandika lolote tangu mwanzo wa mwaka, na wengine wamekwisha kuuliza kama tumefunga. Hatukufunga. Tulikuwa na habari mbili tulizotaka kuzitoa pamoja: kustaafu kwa muuguzi wetu mwandamizi, na uamuzi wa kamati ya kituo kuhusu chumba cha Alhamisi. Ya kwanza imeiva. Ya pili ingali jikoni. Si haki mtu aliyetumika miaka ishirini na minane aondoke kimyakimya kwa sababu ya kuingojea kamati.

Muuguzi huyo, ambaye wagonjwa, madaktari na walinzi humwita Shangazi, anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Alianzia katika chumba cha kufungia vidonda. Huko aliwaona waliojidunga dawa za kulevya wakija na majipu mikononi, wakitibiwa, wakipona, kisha wakirudi na majipu mapya. Hakuficha kero yake. Alisema anadeki sakafu huku bomba liko wazi.

Kituo kilipoanza kutoa dawa ya kuwasaidia watu kuacha, yeye ndiye aliyepangwa dirishani. Hakuna kinachompita Shangazi, na haikuchukua muda akagundua kwamba foleni ilifanya kazi ambayo dirisha halikuiweza. Aliyeacha zamani alimwambia aliyeanza juzi, "Usiku wa tatu ndio mbaya, kaka. Ukiuvuka huo, hata chai utaisikia utamu." Shangazi akaomba stoo iliyojaa vitanda vibovu. Wanafoleni wakaisafisha wenyewe, wakapanga viti kwa duara, na kikundi cha Alhamisi kikazaliwa: watu waliotoka shimo moja wakivutana mkono, bila mhadhara wala koti jeupe. Yeye alikaa karibu na mlango na hakusema mpaka aombwe. "Mimi nina vyeti," alieleza, "lakini sijawahi kuamka natetemeka nikitafuta kete ya unga. Waacheni wanaojua wasemezane."

Daktari mkuu aliwahi kuingia kukagua, akasimama na kalamu yake katikati ya chumba. Aliambiwa akae au atoke. Akakaa. Zamu ilipomfikia, akaulizwa kama wengine anaendeleaje leo. Akajibu kwamba amechoka sana, akapigiwa makofi. Tangu siku hiyo hajakikagua tena chumba hicho, ila huja mara mojamoja kukaa.

Jambo linalokitofautisha kikundi hiki na vingine ni ufunguo. Chumba kina kufuli moja na ufunguo mmoja. Haukai kwa mlinzi, wala kwa Shangazi, wala kwa aliyedumu muda mrefu bila kutumia. Hupewa mtu aliyeteleza akarudi karibuni kuliko wote. Akichelewa, wenzake wote husimama nje. Shangazi ndiye aliyeuweka utaratibu huo, na kila alipoombwa akubali kuchonga ufunguo wa akiba alikataa. Mtu akijua kuna wa akiba, alisema, atajua na yeye ni wa akiba.

Utaratibu huo ulipata mtihani wake mwaka kinyozi mmoja wa kikundi alipokabidhiwa ufunguo. Alhamisi moja hakutokea. Mvua ilinyesha, watu wakabanana ukutani, na maneno yakaanza.

"Si tulisema? Fisi amepewa bucha."

"Haya," Shangazi akajibu huku akifungua mwavuli, "twendeni tukamuulize fisi."

Walikwenda wote. Kibanda cha kunyolea kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Kinyozi alipofungua, walimkuta na ufunguo mkononi, amekwisha kutumia tena, anaona haya kumfungulia mtu yeyote mlango akiwa katika hali ile.

"Chukueni, Shangazi," alisema. "Mpeni mwenye akili zake."

"Ufunguo haupimi mkojo wa mtu, mwanangu. Sogeza hizo mashine, watu wakae."

Kikao kilifanyika palepale, mbele ya vioo, kinyozi akiwa katika kiti chake cha kuzunguka. Ufunguo ulibaki kwake, na Alhamisi iliyofuata alifika mapema akafagia. Leo yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi. Habari hii tunaichapa kwa ruhusa yake. Ameisoma na kusisitiza tuongeze kwamba siku ile hakuwa akilia. Alikuwa na mafua.

Sasa kamati inataka ufunguo ukae kwa mlinzi. Sababu zake si za kubeza: stoo mpya ya dawa imepakana na chumba hicho, na mwaka jana feni ilitoweka ukumbini, asijulikane aliyeichukua. Shangazi aliitwa atoe maoni. Alikiri kwamba hawezi kumdhamini mtu yeyote asiteleze. Alichoomba ni stoo iwekewe kufuli imara la peke yake, na mlango wa Alhamisi uachwe mikononi mwa wenyewe. Alipoulizwa angependa zawadi gani ya kuagwa, alijibu kwamba ameshaitaja mbele ya kamati. Wanakamati wakaomba muda.

Alhamisi iliyopita, ya mwisho kwake kazini, alifika kabla ya watu na kukuta pamefungwa. Mlinzi alimletea kiti. Akakiacha, akasimama ukutani pamoja na waliokuwa wakiwasili. Mwenye ufunguo, fundi viatu aliyerudi kikundini hivi karibuni, alitokea akikokota baiskeli, jasho likimtiririka.

"Samahani, Shangazi. Pancha."

"Waombe wenzako. Mimi ni mstaafu."

Walicheka, akafungua, wakaingia.

Shangazi, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa mikono yako, na kwa ukali ulioturudisha njiani mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Nenda nyumbani kwa afya na amani, na wajukuu wasikusumbue kuliko tulivyokusumbua sisi. Karibu Alhamisi yoyote. Utasubiri nje kama watu wote.

Kamati inakutana tena mwezi ujao. Ikiamua, tutaandika, na safari hii hatutachelewa. Kwa sasa ufunguo uko kwa fundi viatu. Jana alipita kituoni, ingawa haikuwa siku ya kikao, akaomba mafuta kidogo ya kulainisha kufuli.