Mapunye ya Kijiji Kizima

Mashavu alipanda basi la Korogwe na kikapu cha watoto watatu wa paka, manyoya yamewanyonyoka kwa mapunye, akiwapeleka kwa bwana mifugo. Mzee Mwinjuma wa Kwaluguru, jirani yake kitini, akauliza wanatibiwaje.

“Kupaka salfa, mzee wangu, na kuwatenga mpaka wapone.”

“Kuwatenga? Kwetu ni kijiji cha ujamaa, mama! Kujitenga ni ubepari. Paka wetu wana mapunye hayo hayo na tunalala nao kwa zamu: jana kwa mwenyekiti, leo kwangu.”

Basi likaruka shimo, kofia ya mzee ikadondoka. Kichwa kizima kilikuwa viduara vitupu, kana kwamba kimegongwa mihuri.

Mashavu akanyakua kikapu, akaenda kusimama mlangoni mpaka Korogwe.

“Mama, mbona unajitenga?”

“Niache, mzee. Leo mimi bepari.”